Mfuko wa Kushoto

Mniwie radhi, nchi yetu sitaitaja jina. Si kwa woga. Jina lake liko kwenye zabuni, na mpaka mshindi apatikane sisi wananchi tumeagizwa tuiite "hapa". Basi haya yalitokea hapa, mwaka huu huu, na mimi Mshamu, karani wa kumbukumbu katika Wizara ya Kazi, Subira na Uwekezaji, niliyaandika yote kwa kalamu ya serikali. Asiyeniamini aje ofisini aone mhuri, ila aje kabla ya saa nne, maana baada ya hapo mwenye mhuri huwa ameenda kunywa chai.

Hapa petu kuna mtu mmoja anayependwa kuliko wote, naye ni Mwekezaji. Jina lake halisi hatulijui, kwa sababu kumdadisi mgeni ni kukosa adabu. Tunachojua ni kwamba alikuja na begi moja na kalamu nzuri, akapewa ekari sitini, maji, umeme, barabara, na likizo ya kodi ya miaka kumi. Na kwa kuwa siku ile aliposhuka kwenye ndege alionekana amechoka, Bunge lilikaa kwa dharura likapitisha Sheria ya Kutomhuzunisha Mwekezaji. Kifungu cha kwanza kinakataza kumnunia au kumsema vibaya. Cha pili kinakataza kumuuliza swali lolote lenye neno "lini". Cha tatu kinasema kwamba Mwekezaji akihuzunika bila sababu, sababu itatafutwa na Wizara, na mwenye nayo atashtakiwa.

Mwekezaji akajenga kiwanda cha suruali, akakiita Neema Mpya, akaajiri wanawake mia sita na kumi na wawili. Sasa, nawaomba mlishike jambo moja, maana kesi nzima imesimama hapo: katika kiwanda kile hakuna mtu aliyekuwa akishona suruali. Suruali ilikuwa inapita. Inaanzia dirishani ikiwa kitambaa, inapita kwenye mikono ya wanawake arobaini waliokaa mstari mmoja, inatokea mlangoni ikiwa suruali. Kila mmoja ana kipande chake na hagusi cha mwenzake. Huyu zipu, huyu ukanda wa kiunoni, huyu tundu la kifungo. Kengele ikilia asubuhi mikono inaanza, ikilia jioni mikono inasimama. Katikati ya kengele na kengele hakuna kuinua uso, na anayetaka kwenda chooni sharti kwanza ashike kibao cha mbao kilichotundikwa mlangoni, ambacho ni kimoja kwa mstari mzima. Waziri wetu alipotembelea kiwanda alikisifu sana kibao kile. Alisema ni mfano bora wa kugawana rasilimali bila ubaguzi.

Jirani yangu Bi Havijawa, ambaye tunachangia naye ukuta mmoja na bomba moja la maji, alikuwa wa cherehani namba kumi na nne. Kazi yake mfuko wa mbele wa kushoto. Kipande kinamjia kutoka mkono wa kushoto, anakishona mfuko, anakitupa mkono wa kulia kwa rafiki yake Apolonia, mwenye zipu. Sekunde ishirini na mbili. Alifanya hivyo miaka tisa. Niliwahi kumwona msibani akimenya vitunguu na wenzake: anachukua kushoto, anamenya, anatupa kulia, na kulia hakukuwa na sufuria wala sinia, vitunguu vikawa vinabingirika hadi miguuni mwa shehe. Watu walicheka, na mwenyewe akacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na leo naona haya kulikumbuka.

*

Mwezi wa pili mishahara haikutoka. Tafadhali msije mkasema ilichelewa. Wizara ilitoa tamko, na mwandishi wake ni mimi, kwamba mishahara "imetunzwa mahali salama kwa manufaa ya wenyewe". Ili wafanyakazi wasijisikie wamesahauliwa, kila mmoja alipewa Cheti cha Subira, karatasi nene inayong'aa, juu ina ngao ya taifa na chini saini ya Waziri. Mwezi uliofuata wakapewa Cheti cha Subira Daraja la Pili. Ukaja mwezi wa nne, wa tano, wa sita, daraja likipanda, mpaka mwezi wa nane wakapewa kilichopakwa rangi ya dhahabu.

"Shoga," Apolonia aliuliza siku ile, akikigeuzageuza cheti chake, "hiki cha dhahabu dukani wananipimia unga?"

"Bandika ukutani," Bi Havijawa akamwambia. "Mimi vyangu vimeziba ufa wote."

Na kweli vilikuwa vimeziba. Vyeti saba, vimepangwa kuanzia chini kwenda juu, na ule upepo uliokuwa ukimsumbua Bi Havijawa miaka yote ukakoma. Huwezi kusema serikali haikumfanyia kitu.

Siku mbili baada ya cheti cha dhahabu, wanawake walifika kazini wakakuta geti lina kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto. Mlinzi alikuwa amekaa upande wa nje, naye amefungiwa viatu vyake ndani. Mwekezaji ameondoka. Redio ya taifa ilitangaza mchana kwamba Mwekezaji hakutoroka kama wanavyozusha wasioitakia mema nchi, bali amekwenda kupumzika kutokana na mafanikio. Wananchi waliombwa wamwombee apone mafanikio hayo haraka.

*

Mtaniuliza, katika wanawake mia sita na kumi na wawili, kwa nini namsimulia huyu mmoja. Kwanza kwa sababu ya ukuta, kwani nyumba zetu zinasikilizana. Pili kwa sababu ya Ijumaa.

Bi Havijawa ana binti mmoja, anaitwa Somoe. Amesoma ukunga miaka mitatu, na ada imelipwa kwa mifuko ya kushoto tangu siku ya kwanza. Alifaulu vizuri sana, lakini chuo kilikataa kumpa cheti kwa sababu muhula wa mwisho haukulipwa, maana muhula huo ndio uliokutana na subira. Mwishoni mwa mwezi wa nane ikaja barua kutoka hospitali ya wilaya: Somoe amepata kazi, afike na cheti chake halisi kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tisa, na asipofika nafasi itapewa mwingine. Deni la chuo lilikuwa sawa na mishahara ya miezi mitatu. Mama alikuwa anadai saba.

Nilisikia kupitia ukutani siku barua ilipofika. Mama aliomba asomewe mara nne. Mara ya nne ilipoisha, nikamsikia mama anasema, "Mwanangu wewe hutakaa mstarini." Alisema hivyo tu, akaenda kuteka maji.

Kesho yake Bi Havijawa alivibandua vyeti vyake saba ukutani, akavifuta vumbi, akaenda navyo chuoni. Aliniambia mwenyewe. Alivipanga juu ya meza ya mhasibu wa chuo, cha dhahabu juu kabisa, akasema:

"Baba, serikali imenipa hivi saba. Nami nakuomba kimoja tu, cha mwanangu. Tubadilishane."

Mhasibu alivitazama kimoja kimoja kwa heshima.

"Mama, hivi ni vizuri sana," akasema. Kisha akafungua droo yake. "Mimi ninavyo vitano."

*

Ndipo wanawake wakaja Wizarani kwetu. Walikaa barazani siku sita wakisubiri kuitwa, na Wizara, kwa kuwajali, iliweka bango linaloonyesha kiti. Siku ya saba wakaitwa kwa Afisa Madai Mkuu, Bwana Mtawali, mtu mpole sana ambaye hajawahi kumkatalia mtu jambo kwa sauti ya juu. Mimi nilikaa pembeni na daftari. Bwana Mtawali alifungua Fomu ya Uthibitisho wa Jasho.

"Karibu mama, kaa. Ulikuwa unashona nini?"

"Suruali, baba," Bi Havijawa akajibu.

"Suruali ipi?"

"Zote zilizopita."

"Mama, nisaidie nami nikusaidie. Nitajie suruali moja uliyoishona wewe."

"Mimi nashona mfuko wa kushoto."

"Wa suruali ya nani?"

"Sijui ya nani. Zinapelekwa ng'ambo."

"Kwa hiyo hukushona suruali."

"Nimeshona mfuko, baba. Suruali si lazima iwe na mfuko?"

Bwana Mtawali alisimama, akageuka, akajipapasa nyuma. "Hii yangu haina mfuko wa nyuma," akasema, "na ni suruali. Unaona, mama? Fomu inauliza nguo. Mfuko si nguo. Hakuna mtu anayeweza kutoka nyumbani amevaa mfuko."

Akaitwa Apolonia. Akasema yeye ni wa zipu. Bwana Mtawali akamwonyesha fomu, akamweleza kwamba hakuna mtu anayeweza kutoka nyumbani amevaa zipu. Akaja wa ukanda, akaja wa tundu la kifungo. Huyu wa tundu alimsumbua kidogo, maana Bwana Mtawali alitaka kujua mtu anadaije ujira wa kutengeneza mahali pasipo na kitu. Kufikia mchana ilikuwa imethibitika kwamba miongoni mwa wanawake mia sita na kumi na wawili hakuna hata mmoja aliyewahi kushona suruali.

Apolonia hana subira. Madaraja yote saba yalikuwa yamepotea bure kwake.

"Sasa suruali milioni nne zilizotoka pale zilishonwa na nani?" akafoka. "Na majini?"

Bwana Mtawali akafungua jalada la forodha. "Hapa pameandikwa: mtengenezaji, Mwekezaji."

"Yule? Yule hajui hata kutunga uzi kwenye tundu la sindano!"

"Mama, tafadhali. Kifungu cha kwanza."

Lakini Wizara yetu si katili. Jambo lilipopanda hadi kwa Waziri, aliona huruma, akaunda Tume. Tume ikatoa mwongozo: kwa kuwa wanawake wanadai walikuwa washonaji, basi ashone mmoja, suruali nzima, peke yake, kwa saa moja, mbele ya Tume. Tume haikuwa na muda wa kutazama suruali mia sita na kumi na mbili, kwa hiyo huyo mmoja atashona kwa niaba ya wote. Akiweza, mfuko wa dhamana wa serikali utawalipa wote kesho yake asubuhi. Asipoweza, suala limefungwa. Tarehe ikapangwa Jumatano, wiki mbili mbele, siku mbili kabla ya ile Ijumaa ya Somoe.

Wanawake walikaa nje ya geti la Wizara wakajadiliana atakayeshona. Apolonia akasema, "Ashone mwenye haraka kuliko sote." Wakamtazama Bi Havijawa. Hakuna aliyebisha.

*

Wiki mbili zile uani kwetu palikuwa pazuri, nasema kweli. Bi Havijawa aliazima cherehani ya kukanyaga kutoka kwa fundi wa mtaa wa pili, na kila alasiri walikuja wenzake wa mstarini kumfundisha, kila mmoja kipande chake. Mwenye ukanda alifundisha ukanda. Mwenye pindo alifundisha pindo. Apolonia alikaa siku tatu nzima kwenye zipu, akimgombeza kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Shoga, usiivute! Zipu haivutwi, inasindikizwa!" Ilikuwa mara ya kwanza kwao kujua mwenzao anafanya nini. Miaka tisa wamekaa bega kwa bega, na hakuna aliyekuwa amewahi kuinua uso kutazama.

Siku ya kumi na moja suruali nzima ikatoka. Ya kijivu, ya kitambaa kilichobaki cha sare za shule. Wanawake walipiga vigelegele hadi majirani wakadhani kuna harusi. Wakatafuta mwanamume wa kuijaribishia, na mwanamume wa karibu nilikuwa mimi, nachota maji.

"Mshamu, mdogo wangu, hebu ingia ndani uivae," Bi Havijawa akasema.

Ilinikaa kama nilipimwa. Nikatembea uani, nikageuka, nikachuchumaa, nikasimama. Nikatia mkono mfuko wa kushoto. Sijawahi kuona mfuko uliotulia vile.

"Ichukue," akaniambia. "Ni yako. Ya kwanza hiyo."

Nilipaswa kukataa. Kanuni za Wizara ziko wazi: karani akipatikana amepokea kitu chochote kutoka kwa mdai, anafukuzwa siku hiyo hiyo bila barua. Nina watoto wanne. Lakini mtu amekushonea suruali yake ya kwanza maishani, utaanzia wapi kukataa? Nikaichukua. Na Jumatano, kwa kumtakia heri, nikaivaa.

*

Ukumbi wa Wizara ulikuwa umepambwa vitambaa. Meza ya Tume ilikuwa mbele, ina maua na chupa za maji. Cherehani iliwekwa katikati. Kwa heshima, Waziri aliketishwa karibu kabisa, mkono wa kulia wa cherehani, ili asipitwe na kitu. Wanawake walisimama nyuma ya kamba. Somoe alikuwa nao, ameshika ile barua ya hospitali ndani ya bahasha ya nailoni.

Waziri alihutubia kwanza, dakika hamsini.

"Ndugu zangu," alisema, "kuna nchi ambazo mfanyakazi hulipwa bila kusikilizwa. Anafika mwisho wa mwezi anapewa fedha, basi, hakuna anayemuuliza wewe ni nani, umefanya nini, unajisikiaje! Sisi tumekataa ubaridi huo. Sisi hapa mfanyakazi tunamsikiliza kwanza. Tutamsikiliza mwaka huu, tutamsikiliza mwakani, na hatutachoka kumsikiliza!"

Watumishi wa Wizara tulipiga makofi, maana mahudhurio yalikuwa yanaandikwa.

Ilipofika saa ya kuanza, Bwana Mtawali alisimama akasema kwamba Tume, kwa kutaka mazingira halisi ya kazi, imeazima kengele ya kiwandani. Ilikuwa imetundikwa pembeni, karibu na meza yangu. Akanitazama. "Karani, piga."

Nilishika kamba. Niseme nini zaidi? Nilikuwa nimeviona vile vitunguu. Katika watu wote wa meza ile, mimi peke yangu nilikuwa nimeviona. Lakini niliambiwa piga, nikapiga.

Kengele ilipolia, uso wa Bi Havijawa ukainama. Mkono wa kushoto ukachukua mguu wa kwanza wa suruali. Cherehani ikaunguruma. Sekunde ishirini na mbili, sikuhitaji saa. Mfuko wa kushoto ukakaa mahali pake, safi, umenyooka, halafu mkono wake wa kulia ukakitupa kile kipande kulia, kwa Apolonia.

Apolonia alikuwa nyuma ya kamba. Kipande kikaangukia mapajani kwa Waziri.

Bi Havijawa hakuona. Mkono wa kushoto ukaenda kuchukua kipande kinachofuata, nao ukaukuta mguu wa pili. Akaushona mfuko wa kushoto. Akautupa. Ukamfunika Waziri goti. Kitambaa cha ukanda kilikuwa kinafuata. Nacho akakishona mfuko wa kushoto, sijui alikikunja vipi, akakitupa.

"Shoga!" Apolonia akapiga kelele. "Shoga, inua uso! Hatupo kiwandani!"

"Mama!" Somoe akaita.

Hakusikia. Sauti ya mtu haikuwahi kuwasimamisha mle kiwandani. Kilichokuwa kikiwasimamisha ni kengele, na kanuni ya Tume ilisema kengele ya pili ipigwe baada ya saa moja. Niliishika ile kamba, namwapia Mungu niliishika. Bwana Mtawali akaniangalia juu ya miwani yake, nikaiachia.

Vipande vikaisha. Mkono wa kushoto ukapapasa meza, ukapapasa tena, haukupata kitu. Hapo ndipo alipoinua uso. Akaona ukumbi, akaona kamba, akamwona Waziri amefunikwa mifuko. Alitazama mikono yake kama vitu alivyoazima kwa mtu. Akataka kusimama kwenda kuviokota vile vipande, na mlinzi akamwambia kwa upole kwamba mshonaji haruhusiwi kuondoka mahali pake mpaka kengele ilie. Basi tukakaa vile, wote, dakika hamsini na saba. Bwana Mtawali aliagiza chai.

*

Kengele ya pili niliipiga kwa wakati. Waziri akasimama, ameshika vipande vyake mkononi, akasema amesikitika sana na kwamba mlango bado uko wazi.

"Mama," akasema, "Tume inataka kutenda haki. Huenda leo umepata hofu. Je, ipo popote duniani suruali moja, moja tu, nzima, ambayo uliishona kwa mikono yako? Ilete hapa, tutaipokea."

Bi Havijawa akageuza macho polepole, yakafika kwangu. Yakashuka. Miguu yangu ilikuwa chini ya meza, lakini meza ya karani ni ndogo, kila mtu aliweza kuona kitambaa cha kijivu hadi magotini. Alikiangalia. Kisha akaniangalia usoni. Anawajua watoto wangu wote wanne, mmoja alimbeba mgongoni.

Kanuni inasema karani haruhusiwi kusimama wala kusema neno wakati wa kikao. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe, ukurasa wa pili.

"Hakuna, mheshimiwa," Bi Havijawa akasema. "Haipo."

Na mimi nikaandika: Haipo. Ni mwandiko mzuri kabisa, mkija nitawaonyesha.

Uamuzi ulisomwa siku ile ile. Imethibitika kwamba wadai hawajawahi kushona suruali. Asiyeshona suruali hakufanya kazi katika kiwanda cha suruali. Asiyefanya kazi hadai mshahara. Kwa upendo wa serikali hawatashtakiwa kwa kuingia kiwandani miaka tisa bila kuwa wafanyakazi. Ukanda ule wenye mfuko uliwekwa katika chumba cha maonyesho cha Wizara, ndani ya kioo, na watoto wa shule huletwa kuuona. Ijumaa ikapita. Nilisikia kupitia ukutani jinsi ilivyopita, na hilo sitalisimulia.

*

Mwezi wa kumi Mwekezaji akarudi, amepona mafanikio. Alivua miwani ya jua na kunyoa masharubu, kwa hiyo akahesabika mwekezaji mpya, akapewa likizo mpya ya kodi, miaka kumi. Kiwanda kikaitwa Neema Mpya Zaidi. Cherehani zile zile, geti lile lile, kibao kile kile.

Tangazo la kazi lilibandikwa getini: wanatakiwa wasichana wenye bidii, uzoefu si lazima. Wale wa zamani walikwenda kuomba. Ofisi ikatazama kumbukumbu za Wizara, ikakuta wanawake hawa wameshajaribiwa na serikali na kuonekana hawajui kushona. Mwandiko ulikuwa wangu.

Somoe alipata siku hiyo hiyo. Mkunga bila cheti ni msichana mwenye bidii tu, na alikuwa na vidole vyepesi. Wakampa cherehani namba kumi na nne. Jioni ile nilimsikia mama yake kupitia ukutani akimfundisha. "Usikaze bega. Chukua kushoto. Hapo, geuza. Usitazame, mwanangu, ukitazama unachelewa." Cherehani ya kuazima ilikuwa imesharudishwa, walikuwa wanafanya kwa mikono mitupu.

Siku ya ufunguzi Waziri alikata utepe. Mwekezaji alitabasamu, na Wizara ikaandika kwamba ametabasamu. Mimi niliombwa nipige kengele ya kwanza, kwa kuwa, alisema Bwana Mtawali, nina uzoefu. Nilikuwa nimevaa ile suruali ya kijivu. Sina nyingine inayonikaa vile. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kamba, mwingine nimeutia mfukoni, mfuko wa kushoto, kwa sababu sikujua niuweke wapi.

Kupitia dirishani nilimwona Somoe, ameinamisha uso, anangoja. Nje ya uzio walikuwa wamesimama wanawake wa zamani, wamekuja kutazama. Bi Havijawa alikuwa mbele, ameegemea waya, na Apolonia kando yake, mkono wa kulia. Walikuwa wanaongea habari za sukari kupanda bei.

Nikapiga.

Cherehani zikaunguruma zote kwa pamoja. Na pale nje, bila kukatiza maneno, mkono wa kushoto wa Bi Havijawa ukachukua kitu hewani, vidole vikageuza, vikapitisha, na mkono wa kulia ukakitupa. Apolonia, bila kutazama, akakidaka.